Tomahoki za Maji ya Chai

Inatangazwa kwa wananchi wote, wa mjini na wa mlimani, wenye meno meupe na wenye meno ya kahawia, kwamba katika Maji ya Chai kipo kiwanda cha silaha za kale, ambacho bidhaa zake zinapelekwa Ujerumani, Kanada na nchi nyingine za baridi. Kiwanda hicho kina mkurugenzi mtendaji, meneja wa uzalishaji, idara ya nishati na idara ya usafi. Wananchi wanaombwa kusimama wima wakati taarifa hii inasomwa.

Sasa mnaweza kukaa. Kiwanda chenyewe ni mabati machakavu yaliyosimamishwa nyuma ya choo. Mkurugenzi na meneja ni mtu mmoja, Sadoki Akyoo, fundi chuma, na fuawe yake ni kipande cha reli ambacho hakuna anayeuliza kilitoka wapi. Idara ya nishati ni mkewe, Anneth, anayezungusha gurudumu la baiskeli lililofungwa feni ya kupulizia makaa. Idara ya usafi ni Anneth huyo huyo, akishamaliza kuzungusha.

Na silaha za kale ni mashoka. Hilo Sadoki alilisema tangu siku ya kwanza, Hans alipokuja na picha kwenye simu. Hans ana duka la vinyago mjini na nyumba yenye ukuta Njiro, na pamoja na jina lake hajawahi kuwa Mjerumani. Ni Mchaga wa Machame ambaye babu yake alimpenda sana mmisionari.

"Hii inaitwa tomahoki," Hans alisema. "Ya Wahindi Wekundu wa Amerika."

Sadoki aliikuza picha kwa vidole viwili vyenye masizi. "Ni shoka."

"Si shoka, fundi."

"Ni shoka, kaka Hans. Dogo. La kupasulia kuni za mtoto."

"Sikiliza. Shoka ni elfu kumi na tano, na mteja atakuomba umpunguzie. Tomahoki ni elfu themanini, na mteja atakuomba upige naye picha."

Sadoki aliirudia ile picha, akaitazama kwa heshima mpya. "Ni tomahoki," alisema.

Kulikuwa na sharti moja. Chuma kilitakiwa kiwe cha mtutu wa bunduki, kwa sababu Hans alifunga kwenye kila mpini kikaratasi kilichoeleza kwa Kiingereza kwamba chuma hiki zamani kiliua na sasa kimetubu. Mitutu aliileta mwenyewe, ya kampuni moja ya uwindaji iliyofungwa, imeshakatwa vipande kwa kibali. Sadoki alikuwa anakipasua kipande kwa urefu, anakikunjua kama ganda la ndizi, anapachika katikati kipande cha springi ya gari kwa ajili ya makali, halafu anakunja tena na kukifua mpaka vyuma viwili vinasahau kwamba havikuzaliwa pamoja. Ilikuwa kazi nzuri. Anneth, ambaye kwa miaka mingi alimwona mumewe akitengeneza bawaba na mapanga ya kukatia majani ya ng'ombe, aliona namna anavyoishika ile tomahoki ikishapoa, akiigeuzageuza kwenye kiganja cha kulia, na alijua kwamba anajisifu kimyakimya.

Kisha mitutu ya Hans ikaisha. Wateja hawakuisha.

"Tafuta, fundi," Hans alisema kwenye simu. "Ukikosa wewe, kuna mwingine Kimandolu ananisumbua kila siku."

*

Mama yake Anneth alishuka kutoka mlimani asubuhi, na mkungu wa ndizi kichwani. Anaitwa Marta, lakini kila mtu humwita Mama Mikaeli kwa jina la mwanawe wa kwanza. Chini ya kwapa alibana kitu kirefu kilichofungwa kwa majani ya mgomba na juu yake kanga, na alitembea kando ya barabara ya Moshi kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Sadoki alipomwona alisimama. Huyo ni mkwe, na mbele ya mkwe Mmeru aliyelelewa vizuri hakai, hali, na hatazami usoni. Alisimama kando ya fuawe yake akitazama miguu yake mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Diana. Fungeni mlango."

"Mama, hapa hakuna mlango," Anneth alisema.

"Basi simama pale, wewe uwe mlango."

Akafungua kanga. Ndani mlikuwa na mtutu wa gobore, mweusi, mrefu, umeng'olewa kwenye kitako chake. Anneth aliutambua. Marehemu baba yake alikuwa akikaa nao usiku kwenye mahindi, akiwasubiri tembo waliotoka mbugani upande wa Ngurdoto, na asubuhi anaurudisha juu ya dari bila kusema neno.

"Kitako nimekipikia maharage," Mama Mikaeli alisema. "Hiki hakiungui."

"Mtendaji wa kata si alitangaza watu wasalimishe bunduki?" Anneth aliuliza. "Alipita na kipaza sauti. Alisema hakuna atakayeulizwa."

"Mtu akikwambia hutaulizwa, huyo ameshaandaa maswali. Na muda wenyewe umepita. Sasa nikienda nitaambiwa nilikuwa wapi." Alimgeukia mkwewe bila kumtazama, kama inavyopaswa. "Nimesikia unatafuta mitutu, Baba Diana. Chukua. Sitaki hela. Ninachotaka ni kuuona umekatwa leo, kwa macho yangu, nikarudi nyumbani nikalala."

Sadoki aliupokea kwa mikono miwili. Anneth aliona uso wake ukifunguka. Chuma cha zamani, kinene, cha kutosha tomahoki tatu ama nne, na hakuna haja ya kumpigia Hans magoti.

Sasa, Sadoki alikuwa na desturi moja. Kabla ya kutia bomba lolote motoni, hata la maji, alichukua ufito mwembamba wa mkahawa, akaupenyeza ndani mpaka ukagota, akaushika kwa kidole pale kwenye mdomo wa bomba, kisha akautoa na kuulaza juu ya bomba kwa nje. Ufito ukifika mwisho, ndani ni patupu. Ukiishia njiani, ndani kuna kitu. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko kupiga chafya, na hakuwahi kuiacha.

Akachukua ufito wake.

"Unapima nini, Baba Diana?" Mama Mikaeli aliuliza.

"Napima tu, Mama."

"Kama ni urefu, si unauona? Na kama ni kingine, nimeshasema. Marehemu aliitoa baruti yote kabla hajalala kitandani. Mimi nilikuwepo."

Hakupandisha sauti. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, akingoja, na kila mtu mle ndani alielewa kwamba ufito ule ukiingia kwenye mtutu ule, mwanamume atakuwa amemwambia mama wa mkewe kwamba anasema uongo. Sadoki alibaki ameushika hewani. Alimtazama Anneth.

"Acha, Baba Diana," Anneth alisema. "Mama ameshasema."

Sadoki akauweka ufito chini.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, kwa hiyo msumeno wa umeme haukuwa na kazi. Ilibidi chuma kilainishwe motoni kikatwe kwa tindo. Alizamisha sehemu ya nyuma ya mtutu kwenye makaa. Mdomo wa mtutu ulibaki nje, na akaushika kwa mkono wa kulia uliozungushiwa gunia bichi, akiugeuza polepole ili upate moto pande zote. Anneth alizungusha gurudumu. Mama Mikaeli alieleza ni nani aliyekufa kule juu, ni nani anayekaribia, na nani alistahili kutangulia.

Mlio ulipotoka, Anneth hakuusikia kama mlio. Alihisi mtu amempiga makofi masikio yote mawili. Mabati yalitetemeka, jivu likajaa, na kuku wa jirani wakapanda juu ya choo. Ng'ambo ya barabara mtu alipiga kelele, "Tairi hilo, dereva! Utalibadilisha lini?" na watu sokoni wakacheka.

Sadoki alikuwa amekaa chini, mbele ya mkwe wake, na hakuwa anajua kwamba amekaa. Gunia lilikuwa limetoboka. Kiganja kilikuwa ndani ya gunia.

Mama Mikaeli ndiye aliyesema wa kwanza.

"Nani amesikia?" aliuliza.

*

Hapa ndipo inabidi ieleweke jambo ambalo kila mtu Maji ya Chai analijua kama anavyojua jina la baba yake. Ukienda hospitali na jeraha la kuchomwa kisu, kupigwa au kupigwa risasi, utaambiwa ulete kwanza fomu ya polisi, PF3. Fomu hutolewa polisi. Polisi wanauliza nani kakupiga, na kwa kitu gani, na kitu hicho kiko wapi, na ni cha nani. Gobore lisilo na kibali ni jela, na hakuna aliyewahi kumweleza Anneth kwamba kuna jela ndogo ya watu waliokuwa wanatengeneza tomahoki.

Alimpigia kaka yake. Mikaeli ni afisa wa shirika moja lisilo la kiserikali pale Njiro, linaloshughulika na amani na utatuzi wa migogoro.

"Usitaje mtutu kwenye simu," Mikaeli alisema.

"Kaka, mkono umepasuka. Njoo na gari."

"Gari ni la ofisi, dada. Lina stika mlangoni. Unataka niegeshe stika ya amani mbele ya... Mama yupo hapo?"

"Yupo. Anafuta damu."

"Polisi wakimkamata mama, jina la kwanza watakaloliona ni langu. Mama Mikaeli. Unanielewa? Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita." Kisha sauti yake ikapata utulivu wa mtu aliyezoea kuendesha semina. "Semeni gesi. Mtungi wa gesi umelipuka. Kuungua hakuhitaji PF3."

Anneth alikata simu. Sadoki alikuwa ameegemea fuawe, midomo imekuwa rangi ya jivu, mkono umefungwa kwa ile kanga iliyoleta mtutu.

"Mikaeli anasemaje?"

"Tuseme gesi."

"Tuna gesi sisi?" Sadoki aliuliza.

Hawakuwa na gesi. Walipika kwa mkaa. Mama Mikaeli alikuwa ameshauchukua mtutu kwa koleo, ukiwa bado wa moto, akazunguka nao nyuma ya banda, na walisikia ukiteremka kwenye shimo la choo ukizomea.

"Mimi nilileta ndizi," alisema aliporudi. "Msisahau."

*

Zahanati ilikuwa na benchi moja na muuguzi mmoja, Fransiska, mwanamke mnene aliyevaa kandambili na asiyekuwa na haraka. Alifungua kanga, akatazama kiganja kwa muda, akakigeuza, akatazama upande wa pili.

"Imekuwaje?"

"Gesi," Anneth alisema. "Mtungi ulipasuka."

"Mdogo au mkubwa?"

Mikaeli hakuwa amesema. "Wa kati."

"Wa kati." Fransiska alivuta taa karibu. "Ukapasuka. Nyusi zake ukaziacha, ndevu ukaziacha, shati ukaliacha. Ukachagua kiganja."

"Alikuwa ameunyooshea mkono," Anneth alisema.

"Anausalimia?"

Mwanamke aliyekuwa kwenye benchi na mtoto mwenye kikohozi alicheka, kisha akaona damu akaacha. Fransiska alisafisha. Jasho lilimtoka Sadoki, likashuka puani na kudondoka kwenye sakafu. Kibano kiligusa kitu, kikavuta, na kipande cha msumari kilichokatwa kikaanguka kwenye bakuli la chuma. Kililia vizuri sana.

"Gesi yenu ina misumari," Fransiska alisema.

Muuguzi aliweka kibano chini, akavuta kiti chake mpaka magoti yake yakakaribia ya Anneth, na akapunguza sauti.

"Mama, mimi si polisi. Kama kuna vitu vingine vimeingia humu, huyu anaenda mjini leo hii, apigwe picha, afunguliwe, vitolewe. Kama ni moto, naosha, nampa dawa na sindano, mnaenda nyumbani. Mimi sina macho ya kuona ndani ya nyama. Niambie wewe. Niandike nini?"

Anneth alimtazama mumewe. Sadoki alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi bila kutaka kumwonyesha mgeni kwamba nyumba yake ina nzi. Nyuma yake, mlangoni, Mama Mikaeli alikuwa amesimama na kanga yake ya pili, akitazama barabara.

"Moto," Anneth alisema.

Fransiska aliandika. "Akipata homa mrudishe," alisema. "Usisubiri mtungi mwingine."

*

Homa ilikuja, ikaondoka, ikarudi na mizigo yake. Mkono ulivimba mpaka vidole vikaonekana vimepachikwa na mtu mwenye haraka. Sadoki alikaa mlangoni ameulaza juu ya mto, akawaeleza waliopita habari za gesi, na kila alipoeleza mtungi uliongezeka ukubwa. Kinyozi wa jirani alimwambia gesi ni hatari, ndiyo maana yeye hainunui. Mwenyekiti wa mtaa alimtaka aeleze kwa nini hakununua mtungi kwa wakala aliyeidhinishwa. Sadoki aliomba msamaha kwa niaba ya mtungi.

Usiku hakulala. Anneth alimsikia akihesabu kazi zilizobaki, bawaba za mtu fulani, jembe la mtu fulani, na kila moja akisema, "Hiyo nitaimalizia kwa kushoto," ingawa hata yeye alijua nyundo haiendeshwi na kushoto kama hujazaliwa hivyo.

Hans alikuja kuchukua tomahoki mbili zilizokuwa tayari. Aliegesha gari mbali, kwa sababu ya matope, na alipofika mlangoni alisimama ghafla. Tayari mkono ulikuwa na harufu.

"Pole, fundi. Nimesikia gesi." Aliutazama mkono, kisha akatazama kule kwenye banda, ambako bati moja lilikuwa na vitundu vipya vinavyopitisha jua. Hans si mjinga. "Mtutu uliupata wapi?" aliuliza polepole. Kisha haraka, "Hapana. Usiniambie. Sitaki kujua."

"Kaka Hans," Anneth alisema, "una gari. Umpeleke mjini."

"Shemeji, ningempeleka. Lakini wakiniuliza mimi ni nani yake? Nitasema nini? Nauza vitu vya mitutu, wakati mtu amepigwa na mtutu. Mimi nina leseni ya vinyago tu." Alitoa noti kadhaa, akaziweka juu ya mto, karibu na mkono, bila kuugusa. Halafu akasita. "Huo mtutu wenyewe uko wapi?"

"Chooni," Sadoki alisema.

"Choo cha shimo?"

"Cha shimo."

Hans alifikiri. Mtu aliona wazi kwamba anafikiri. "Kwa sababu nikiandika kwamba ulimrudia fundi aliyetaka kuutubisha," alisema, "mteja wa aina fulani hatauliza bei." Alipotazama na kuona sura ya Anneth, alikohoa, akabeba tomahoki zake mbili, akaenda.

*

Ndipo Anneth alipopanda mlimani. Hakupanda gari, hakutaka mtu amuulize. Alipita kwenye migomba na mikahawa, akamkuta mama yake uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama, mkono unaoza."

Mama Mikaeli aliendelea kuchambua. "Wamempa dawa."

"Dawa ni ya moto. Ndani kuna risasi za baba. Muuguzi alisema wakijua watamfungua na kuzitoa. Nataka niende polisi, nichukue ile fomu. Nitasema mtutu ulikuwa wa marehemu, basi. Marehemu hafungwi."

"Na nani aliuweka tangu azikwe?" mama yake aliuliza. "Marehemu?"

"Mama."

"Mikaeli amesema atafukuzwa kazi. Ana mtoto yule Princess pale shule ya Kiingereza. Na mimi nilale kwenye saruji na umri huu, na magoti haya, kwa ajili ya nini? Mimi nilileta chuma. Fundi gani anatia chuma motoni hajapima?"

Anneth alihisi maneno yale yakiingia na kutafuta mahali pa kukaa. "Alitaka kupima. Wewe ulimkataza."

"Mimi nilimuuliza anapima nini. Kuuliza ni kukataza? Mwanamume mzima, na kazi yake, na ufito wake mkononi." Mama Mikaeli aliokota jiwe kwenye maharage akalitupa. "Aliyemwambia aache ni wewe. Mimi sikufungua mdomo tena. Ni wewe."

Ng'ombe alisogea bandani. Ilikuwa kweli, na aliyesema ni mama yake.

Kisha mama yake akauweka ungo chini.

"Marehemu aliniambia ameitoa baruti," Mama Mikaeli alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimuuliza, akasema ameitoa. Kumbe aliiacha tayari, kwa ajili ya tembo. Mimi ningejuaje? Yule mtu hakuwahi kuniambia hata bei ya kahawa." Alifuta pua kwa upande wa kanga. "Mpelekee huu mtori. Usimwambie umetoka kwangu. Ataona aibu kula."

Anneth alishuka na mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kwenye chupa ya chai. Sadoki hakuula. Aliuliza umetoka wapi, na Anneth, ambaye kwa wiki nzima alikuwa amesema uongo mkubwa bila kukosea, alishindwa na huu mdogo, akamweleza yote, hata ya polisi.

"Mama alilia?" Sadoki aliuliza.

"Kidogo."

"Basi usiende polisi. Nitakuwa mtu wa namna gani? Nimemtia mkwe wangu ndani kwa ajili ya mkono?"

*

Lakini alikwenda. Alhamisi asubuhi Anneth alivaa gauni la kanisani, akampa Sadoki maji, akamwambia anakwenda kununua mkaa, na akaenda moja kwa moja kituoni. Akamweleza koplo wa zamu kila kitu: tembo, ufito, ndizi, choo. Koplo alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akasema bibi mzee ataonywa tu, na akamwandikia fomu pale pale. Jioni hiyo hiyo madaktari mjini waliufungua mkono, wakatoa misumari na vipande vya risasi, wakasafisha, wakashona. Na baada ya Pasaka, watu wa Maji ya Chai waliokuwa wakipita barabarani walisikia tena nyundo nyuma ya choo.

Unaniangalia. Unaniangalia kama mwalimu wa zamu anavyomwangalia mwanafunzi ambaye shati lake limetokeza kona za mkate. Haya, nautoa mwenyewe, usinipekue. Sio hivyo. Nimeutunga, kwa sababu nilipofika hapa sikutaka kuendelea.

Gauni la kanisani alilivaa kweli. Kituoni alifika kweli. Hata koplo sikumtunga. Alikuwepo, na alikuwa mpole, na laiti angekuwa mkali pengine Anneth angekasirika na kusema. Alimpa kiti. Alimwita mama. Akasema, "Nikusaidie nini, mama yangu?" na Anneth, ambaye maneno yote alikuwa ameyapanga njia nzima, alifungua mdomo, akamwona mama yake amelala kwenye saruji, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Nimepoteza kitambulisho."

Koplo alisikitika naye. Alimuuliza kilipotelea wapi, akasema sokoni. Alimwandikia taarifa ya upotevu kwa mwandiko safi, akagonga muhuri, akamshauri awe anakiweka ndani zaidi. Kitambulisho kilikuwa kwenye pochi, juu ya mapaja yake, muda wote. Alisema asante. Njiani alinunua mkaa, kwa sababu alikuwa ameaga kwamba anaenda kununua mkaa.

Jumamosi, kwa homa, Sadoki alimwita Anneth kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa. Jirani anayesafirisha nyanya aliwapakia kwenye pikapu, kati ya matenga, mpaka hospitali mjini. Daktari alikuwa msichana mwenye miwani, amechoka, na hakuhitaji kuelezwa.

"Hii ni bunduki," alisema.

Anneth alisema, "PF3 hatuna."

"Nimekuuliza PF3? Mtu akiwa kwenye hali hii tunamtibu kwanza, fomu inakuja baadaye. Mngekuja siku ile ile tungemtibu siku ile ile." Alikuwa anavaa glavu huku anasema. "Nani aliwaambia mtarudishwa?"

Anneth alijaribu kukumbuka. Alimpitia Mikaeli, akampitia mama yake, akampitia muuguzi, kinyozi, mwenyekiti. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa anajua tu, kama wote walivyokuwa wanajua.

Walikata juu ya kifundo cha mkono, kisha kesho yake wakakata tena, chini ya kiwiko, kwa sababu mara ya kwanza haikutosha. Mimi sina la kuongeza hapo, na ningekuwa nalo usingeliamini, na ungefanya vizuri.

Sadoki alipozinduka, jua lilikuwa limeshaingia wodini. Hakuutazama upande wa kulia. Alimtafuta mkewe kwa macho, akampata, akalamba midomo.

"Umemtaja Mama?"

"Sijamtaja."

"Vizuri," alisema Sadoki, na akafumba macho tena.